Uti wa Mgongo Mara ya Pili: Kisa cha Kijana Aliyezaliwa Bila C6

C6 ni protini mojawapo ya kinga iliyomo katika damu. Kisa hiki kinaelezwa kwa ridhaa ya mgonjwa na wazazi wake. Umri, mahali na baadhi ya mambo ya nyumbani yamebadilishwa ili wasitambulike.

Mgonjwa na kwao

Kijana wa miaka 19, mwanafunzi wa kidato cha sita katika shule ya bweni, mwambao wa Tanzania. Kwao walizaliwa wanne, wakabaki watatu. Kaka yao mkubwa alifariki akiwa na miaka saba. Mama anasema ilikuwa homa ya siku moja na degedege. Wazazi ni watoto wa ami, ndoa ya kawaida kabisa katika ukoo wao. Kijana hana selimundu wala kisukari, hajawahi kufanyiwa upasuaji, na anacheza mpira.

Alipokuwa na miaka 14 alilazwa siku kumi katika hospitali nyingine kwa homa ya uti wa mgongo. Akapona, akarudi darasani. Hilo tulilijua baadaye kidogo, si usiku ule.

Usiku wa kulazwa

Patroni wa shule alimleta saa nane za usiku. Homa kali, kichwa kinapasuka, anatapika, shingo imekakamaa. Tangu mchana wake alikuwa ameanzishiwa dawa mseto ya malaria bila kupimwa. Kipimo cha haraka cha malaria tulichomfanyia kilikuwa hasi. Muuguzi wa zamu ndiye aliyeona vidoa vidogo vya zambarau mapajani. Aliviwekea glasi ya maji na kubonyeza, havikufutika.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa rahisi: seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, gramu mbili kwenye mshipa papo hapo, kabla ya kuchukua maji ya mgongo. Tulijua kwamba dawa ingeweza kuua bakteria kabla hawajaoteshwa maabara, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini kwa mgonjwa mwenye vidoa vya namna ile, saa moja ina thamani kuliko jibu zuri la maabara. Maji yalichukuliwa dakika arobaini baadaye. Yalikuwa na ukungu, na chini ya hadubini vilionekana vidubini viwiliwili kama maharage yaliyotazamana: meningokoki, bakteria wa homa ya uti wa mgongo. Havikuota. Maabara ya taifa, kwa kipimo cha kutafuta jeni za bakteria, ilitupa jibu kuwa ni kundi Y, mojawapo ya makundi ya meningokoki yanayotajwa kwa herufi.

Wanafunzi waliolala naye bweni moja walipewa siprofloksasini dozi moja ya kuwakinga, na taarifa ikapelekwa kwa mganga mkuu wa wilaya. Hakuna mwingine aliyeugua. Siku ya nne kijana alikuwa anaomba chapati.

"Mtu huumwa mara mbili?"

Mama alifika asubuhi na mfuko wa plastiki wenye vyeti vyote vya mwanawe. Alitoa karatasi ya ruhusa ya miaka mitano nyuma, akaninyooshea. "Daktari, huyu alishaumwa uti wa mgongo huu huu. Kwani mtu huumwa mara mbili?"

Nikamjibu, na ninaandika hapa kwa sababu ndilo kosa langu katika kisa hiki: "Inatokea, mama. Ni bahati mbaya."

Tulipotoka nje ya chumba, daktari tarajali aliyekuwa nami aliniuliza taratibu: "Dokta, kama ni bahati mbaya, mbona bweni zima imemjua yeye tu, na mara ya kwanza vilevile?" Sikuwa na jibu. Nilirudi kuisoma ile karatasi. Iliandikwa wazi kwamba bakteria wa mara ya kwanza nao walikuwa meningokoki. Mtu anayepata meningokoki mara mbili hana bahati mbaya. Ana upungufu mahali fulani katika kinga, na kazi ya daktari ni kuutafuta.

Tulianza na yaliyo karibu. VVU hasi. Selimundu hasi. Wengu ulionekana kwenye picha ya mawimbi ya sauti, wa ukubwa wa kawaida. Hakuwahi kuumia kichwa, na hakuwa na maji yanayovuja puani, ingawa mwanya wa namna hiyo kwa kawaida huleta nimonia-koki na si huyu. Kilichobaki ni komplimenti.

Komplimenti kwa ufupi

Ni kundi la protini zaidi ya thelathini zinazoelea katika damu zikiwa zimelala. Huamshwa kwa njia tatu: na kingamwili zilizoshika mdudu, na protini zinazotambua sukari za juu ya mdudu, au na njia ya tatu ambayo huwa inanong'ona muda wote na kupaza sauti pale inapokutana na ngozi ya kigeni. Njia zote hukutana katika protini iitwayo C3. Hapo mdudu hupakwa alama ili seli zinazomeza zimwone. Kisha C5 hukatwa, na kipande chake humwita C6, C6 humwita C7, C7 humwita C8, na mwisho C9 nyingi hupangana duara na kumtoboa mdudu tundu. Maji huingia, anapasuka.

Bakteria wengi tunawaua kwa kuwameza, hivyo mtu asiye na ile timu ya kutoboa huishi vizuri. Meningokoki ni mjanja wa kukwepa kumezwa. Kwake, tundu ndiyo silaha inayotegemewa. Ndiyo maana aliyekosa C5, C6, C7 au C8 anaweza kuwa na afya ya kuonea wivu, asiugue kifua wala ngozi, ila kwa mdudu huyu mmoja na jamaa zake hatari yake huwa kubwa mara maelfu kuliko ya mtu mwingine.

Kuna jambo linalopotosha. Kwa wagonjwa hawa ugonjwa huja ukubwani kuliko kawaida, mara nyingi katika ujana, mara nyingi kwa makundi ya bakteria yasiyo ya kawaida kama Y, na vifo ni vichache kuliko kwa watu wenye komplimenti kamili. Mgonjwa anapona upesi, daktari anafurahi, faili linafungwa. Karibu nusu yao hurudi.

Damu iliyopikwa njiani

Kipimo tulichohitaji kinaitwa CH50. Seramu ya mgonjwa huchanganywa na chembe nyekundu za kondoo zilizopakwa kingamwili, kisha huangaliwa kama zitapasuka. Zikipasuka, mnyororo mzima kuanzia C1 hadi C9 upo. Kipo kingine cha njia ya tatu, AP50. Hapa kwetu havifanyiki. Sampuli ilibidi isafiri nje ya nchi.

Sampuli ya kwanza ilitolewa saa nne asubuhi, ikakaa mezani hadi adhuhuri, ikatenganishwa, ikawekwa kwenye boksi la barafu ya kawaida pamoja na sampuli nyingine, ikaenda mjini kwa basi. Basi liliharibika njiani. Majibu yalipokuja: C3 kawaida, C4 (protini nyingine ya mnyororo huo, inayotangulia C3) kawaida, CH50 haionekani kabisa.

Nilitaka kushangilia. Chini ya karatasi maabara ilikuwa imeandika sentensi moja: sampuli ilifika haijaganda, jibu lisitumiwe.

Komplimenti haivumilii joto. Hili lilijulikana tangu mwisho wa karne ya 19, pale Jules Bordet, Mbelgiji aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris, alipoonyesha kwamba seramu iliyopashwa joto hupoteza nguvu ya kupasua, na hurudishiwa kwa kuongezwa seramu mbichi ya mnyama ambaye hajachanjwa. Alipewa Tuzo ya Nobel ya 1919. Mpaka leo maabara zikitaka kuiua komplimenti huiweka seramu kwenye nyuzi 56 kwa nusu saa. Sisi hatukufika nyuzi 56, lakini siku nzima ndani ya buti la basi la pwani ilitosha kutia shaka. C3 na C4 hazikutusaidia, kwa sababu hupimwa kwa wingi wake tu. Protini iliyokufa bado inahesabika.

Mara ya pili tulifanya mambo matatu. Tulitoa damu palepale kwenye kituo cha utafiti kilichokuwa na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, ikatenganishwa ndani ya saa moja na kugandishwa. Tuliisafirisha katika barafu kavu. Na tulitoa damu yangu mimi, saa ileile, kwa sindano ya aina ileile, ikawekwa boksi lilelile. Kama safari ingeharibu, ingetuharibia wote wawili.

CH50 yangu: kawaida. Yake: sifuri. AP50 yangu: kawaida. Yake: sifuri. C3 na C4: kawaida kwa wote.

Hapo ramani ilijichora yenyewe. Kama kasoro ingekuwa mwanzoni mwa njia moja, kipimo kimoja kingeanguka na kingine kingesimama. Vyote viwili vimeanguka, na C3 ipo. Basi kilichokosekana kiko baada ya C3, kwenye timu ya kutoboa. Maabara ilipima moja moja. C6 haikuwepo.

Herufi moja

Jeni ya C6 iko kwenye kromosomu ya 5, jirani na za C7 na C9. Kipimo cha jeni kilionyesha herufi moja imedondoka, katika nakala zote mbili, ya baba na ya mama.

Wazazi waliniuliza herufi moja inawezaje kufanya yote hayo. Nilichukua kalamu nikaandika: BABAMAMAKAKADADA. Soma nne nne: baba, mama, kaka, dada. Sasa futa A ya kwanza ya "mama" na uendelee kusoma nne nne: baba, mmak, akad, ada. (Jeni husomwa tatu tatu, lakini familia haikuhitaji kujua hilo.) Kuanzia pale herufi ilipodondoka, maneno yote yanavurugika, na mwili unaacha kutengeneza protini hiyo. Baba alicheka kwanza, kisha akanyamaza.

"Kwa hiyo ni kwa sababu nimemwoa mtoto wa ami yangu?"

Swali hili linataka jibu la kweli na la adabu kwa pamoja. Nilimwambia kwamba kila mtu, hata mimi, amebeba jeni kadhaa zenye hitilafu asizozijua, kwa sababu nakala ya pili inafanya kazi. Wao wawili walirithi hitilafu ileile, yamkini kutoka kwa babu mmoja. Kwa kila mimba, mtoto alikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuzipata zote mbili. Ndoa ya ndugu huongeza uwezekano wa nakala mbili zilizofanana kukutana, haiitengenezi hitilafu. Niliona pia kwamba mama alitulia kwa namna nyingine. Kwa miaka mingi, bibi mzaa baba alikuwa akisema kifo cha yule mtoto wa kwanza "kimetoka upande wa mama yake". Karatasi ile ilisema pande mbili, sawa kwa sawa.

Kisha mama akauliza: "Na yule wa kwanza?"

Nilimwambia damu yake hatunayo, kwa hiyo siwezi kusema ndiyo wala siwezi kusema hapana. Alitikisa kichwa kana kwamba nimejibu.

Kuwapima wazima

Hapa tulibishana kazini. Mwenzangu mmoja alisema kuwapima ndugu wasioumwa ni kuwatafutia hofu. Hoja yake si ya kudharauliwa: si kila aliyekosa C6 huugua, na wapo wanaozeeka bila kujua. Lakini kinga yenyewe ni chanjo na penisilini, vitu vya bei ndogo, na ugonjwa huua kwa saa chache. Tuliwapima kwa ridhaa yao na ya wazazi. Mdogo wa kiume: kawaida. Dada wa miaka 16, ambaye hajawahi hata kulazwa: sifuri.

"Unakwenda Makka lini?"

Chanjo ya makundi A, C, W na Y haimo katika chanjo za kawaida za watoto wetu. Ilipo, ipo kwa sababu ya Hija: Saudi Arabia haimruhusu hujaji kuingia bila cheti chake. Kwa hiyo nikawatuma ndugu wawili katika kituo cha chanjo za wasafiri na barua yangu.

Walirudi mikono mitupu. Karani aliwauliza pasi za kusafiria na tarehe ya safari; walipokosa, akawaambia chanjo ile ni ya mahujaji. Niliandika barua ya pili, ndefu, ya Kiingereza, yenye maneno makubwa. Haikusaidia. Ya tatu niliiandika kwa Kiswahili, mistari minne, nikaipeleka mwenyewe. Mkuu wa kituo aliisoma akasema, "Kumbe ni wagonjwa? Si ungesema." Wakachanjwa siku hiyo, na dozi ya pili baada ya wiki nane, kwa sababu kwa watu hawa dozi moja haitoshi, kisha ya kukumbusha kila miaka mitano.

Mtu anaweza kuuliza chanjo inamsaidiaje asiyeweza kutoboa. Kingamwili nyingi zaidi humpaka mdudu alama vizuri zaidi, na seli zinazomeza, ambazo hazina kasoro, hupata nafasi. Ni mlango wa nyuma, lakini unafunguka. Kasoro ni kwamba chanjo ile haigusi kundi B wala X. Chanjo mpya ya makundi matano, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani 2023 na kuanza kutumika Nigeria 2024, imeongeza X. B inabaki nje.

Kwa sababu ya pengo hilo tuliongeza penisilini. Vidonge mara mbili kwa siku au sindano ya benzathini, penisilini inayokaa mwilini muda mrefu, kila mwezi? Tulichagua sindano. Wauguzi wetu wanaijua kwa wagonjwa wa moyo wa rumatiki, na Afrika Kusini, katika Rasi ya Magharibi ambako upungufu wa C6 umechunguzwa kwa miaka mingi, imetumika kwa watu wa aina hii hii. Mwanafunzi wa bweni na vidonge vya kila siku ni ahadi ambayo sikuiamini.

Kila mmoja alipewa kadi. Ya kwanza niliiandika kwa Kiingereza, kwa mazoea. Mama aliigeuzageuza akasema, "Usiku wa homa ni mimi nitakayekuwa naye." Tukaiandika upya: *Nimezaliwa bila protini ya kinga iitwayo C6. Nikiwa na homa kali, nianzishiwe seftriaksoni sasa hivi, kisha vipimo vifuate.*

Yaliyofuata

Kijana yuko chuo. Miaka miwili baada ya kadi alipata homa akiwa mbali na kwao. Kwenye zahanati kipimo cha malaria kilikuwa chanya, tabibu akataka kumpa dawa mseto aende zake. Alitoa kadi, akasimama nayo mlangoni hadi akapewa gari la hospitali. Huko alipata seftriaksoni na dawa ya malaria. Damu haikuotesha kitu. Pengine ilikuwa malaria peke yake, na dawa ya pili ilikuwa ya bure. Ningemwandikia hivyohivyo tena.

Dada alichoma sindano tano akaacha. Alisema zinauma, na ni kweli zinauma. Sababu nyingine ilijitokeza polepole: posa zilikuwa zimeanza kuja.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi usiku wa kwanza ni mpangilio wa dawa mbele, vipimo nyuma. Tulipoteza uoteshaji, tukabaki na kijana. Kilichofanya kazi baadaye ni damu ya mtu asiye mgonjwa kusafiri sambamba na ya mgonjwa. Ni jambo dogo lisilogharimu chochote, na bila hilo tungekuwa na sifuri ya pili isiyoaminika kama ya kwanza.

Kilichoshindikana kwanza ni miaka mitano kati ya ugonjwa na ugonjwa. Sehemu nyingine ambako meningokoki ni adimu, mgonjwa mmoja wa umri mkubwa mwenye kundi Y hutosha kuagiza CH50. Kwetu, tulio pembezoni mwa ukanda wa homa ya uti wa mgongo unaoanzia Senegal hadi Ethiopia, ugonjwa huu una maelezo mengi rahisi kiasi kwamba hatutafuti gumu. Lakini mara ya pili haina maelezo rahisi, na mimi niliyapata hata hivyo.

Kasoro hizi si mambo ya Ulaya yaliyotufikia kwa bahati. Nchini Marekani upungufu wa C6 huonekana zaidi kwa Wamarekani weusi kuliko kwa weupe. Afrika Kusini, badiliko la herufi katika jeni ya C5 limekutwa kwa sehemu ya kuhesabika ya Waafrika weusi waliougua meningokoki. Japani wana wao: C9, ambayo hukosekana kwa takriban mtu mmoja kati ya elfu, na wengi wao hawaugui, kwa kuwa bila C9 kutoboa hupungua tu, hakukomi. Tofauti hizi hufuata koo na mahali. Asiyepima kwake atadhani hazipo kwake.

Upo upande wa pili ambao wanafunzi huusahau. Komplimenti inaweza pia kukosa breki. Walio na hitilafu katika faktori H, protini mojawapo ya breki hizo, huweza kupata ugonjwa wa figo ambamo mishipa midogo huziba na chembe nyekundu kukatikakatika, na badiliko moja la kawaida katika jeni hiyohiyo, lililoripotiwa 2005, huongeza hatari ya upofu wa uzeeni. Dawa ya kuwatibu wale wa figo, ekulizumabu, hufanya kazi kwa kuizuia C5. Yaani humfanya mgonjwa kwa makusudi awe kama kijana wetu, na kwa sababu hiyo hachomwi kabla ya kuchanjwa dhidi ya meningokoki.

Kushindwa kunakoniuma zaidi ni kwa dada. Tulimpa jibu la jeni na mpango wa sindano, hatukumpa mpango wa maisha yenye posa. Hesabu yenyewe haitishi: watoto wake wote watabeba nakala moja tu, na watakuwa wazima, isipokuwa mume naye awe mbebaji, jambo linalowezekana zaidi akiwa wa ukoo uleule. Nilimweleza hayo akiwa na miaka 16, mbele ya baba yake, siku ileile aliyojua kwamba ana kasoro. Sidhani kama alisikia neno.

Mwezi uliopita alinipigia simu mwenyewe. Aliuliza kama mchumba wake, ambaye ni wa upande wa baba, anaweza kupimwa bila kuambiwa ni kipimo cha nini. Nilimwambia hapana. Alikaa kimya kidogo, kisha akaomba nimwandikie kadi nyingine, kwani ile ya kwanza iko ndani ya sanduku la mama yake, na ufunguo anao mama.